Barua ya wazi kwa Meya wa Lubumbashi: jengo likikarabatiwa, watu wapike wapi?

Mheshimiwa Meya,

Mimi ni mpangaji katika nyumba ya ghorofa hapa katikati ya mji, na majirani zangu wameniomba niseme haya hadharani. Jengo letu linakarabatiwa nasi tukiwa ndani. Na si letu tu. Tembea wakati wa kiangazi kutoka Posta hadi soko la Mzee Kabila, utaona miti ya jukwaa imeegemea ukuta, na juu yake nguo za watoto zimeanikwa dirishani.

Ombi letu ni moja. Kabla mji haujaruhusu kazi kubwa katika jengo lenye watu, mwenye jengo aandike na kusaini ni wapi, na ni saa ngapi, kila familia itapika kwa usalama. Asipoandika, kibali kisitolewe.

Hatupingi ukarabati. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, na majengo mengi ya katikati yalijengwa wakati shaba ilipokuwa ikileta fedha nyingi, kabla ya uhuru. Nyaya zake zimechakaa, mabomba yameoza, na mvua ya Januari inapenya hadi kitandani. Anayeyatengeneza anafanya kazi njema, na sisi tulikuwa wa kwanza kushangilia saruji ilipoletwa.

Lakini angalia asubuhi zetu zilivyogeuka. Chakula cha asubuhi kwetu ni chai, mkate na yai. Mayai mengi yanavuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia. Mwenye uwezo ananunua plato nzima ya thelathini, asiye nao ananunua mawili kwa jirani anayeuza mlangoni. Unakatakata kitunguu na nyanya, unapiga mayai, unatia chumvi na pilipili kidogo, na mafuta yakishapata moto kazi ni ya dakika chache. Resho, yaani jiko dogo la umeme, inatosha. Mtoto anakula, anafunga viatu, anawahi darasani saa moja na nusu. Mjane anakimudu chakula hiki, mwanafunzi anakimudu, na mwili unapata kitu cha maana kuliko mkate mkavu.

Yai linahitaji moto, maji kidogo, kikaango safi na hewa. Kwetu vyote vimeguswa. Umeme unakatwa alfajiri bila tangazo, kwa sababu mafundi wanavuta nyaya mpya. Maji yamefungwa ghorofa za juu, kwa hiyo bidoni zinapandishwa kwa ngazi, na wanaozipandisha ni wasichana na akina mama. Vumbi linatua ndani ya kikaango kabla mafuta hayajamiminwa. Na madirisha yamefunikwa kwa plastiki ili rangi na saruji zisiingie ndani.

Hiyo plastiki ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Umeme ukikatika, mtu wa Lubumbashi anawasha mbabula, jiko letu la makala, yaani mkaa. Kule Katuba au Kenya, komini (wilaya) za mji huuhuu, kwenye nyumba yenye uwanja, mbabula inakaa nje na moshi unaenda zake. Sisi wa ghorofani mahali petu pa kupikia nje ni baraza la juu, ile roshani nje ya jikoni. Sasa mabaraza hayo ndiyo yanayotengenezwa: yamevunjwa kingo, yamejaa matofali, hakuna anayeruhusiwa kukanyaga. Basi mbabula inaingia jikoni, nyuma ya dirisha lililozibwa. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya usiku inakuwa kali, na wengine wanaiacha ndani hadi usiku ili watoto wapate joto.

Watu wetu ni waangalifu. Wanawasha makala kwenye ngazi, wanasubiri moshi uishe, na makala yakishakuwa mekundu kabisa ndipo wanaingiza mbabula ndani, wakiamini hatari imepita. Haijapita. Makala mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia mwilini inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu inashindwa kubeba pumzi. Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, usingizi mzito unakuja. Watu wanadhani ni malaria au ni uchovu wa kupandisha maji. Wanalala, na si kila anayelala hivyo anaamka. Mtoto mdogo na mama mjamzito wanaumia mapema kuliko wengine.

Binti wa jirani yangu alianguka jikoni akiwakaangia wadogo zake mayai. Mama yake aliita, tukavunja ile plastiki, tukamtoa hadi kwenye ngazi. Hewa ilimrudishia fahamu, hospitali ikamalizia, na leo anasoma kama kawaida. Tulipomwendea mwenye jengo, alitujibu tununue mkate na tuvumilie hadi kazi iishe. Jina lake sitaliandika hapa. Ninachotaka ni kanuni itakayomfunga yeye na kila mwenye jengo mwingine.

Wapo wanaotuambia tununue mayai ya kuchemsha kwa vijana wanaopita na pilipili yao. Tunanunua, na vijana hao tunawashukuru. Lakini familia ya watu saba haiwezi kula kwa bei ya barabarani miezi na miezi, tena huku kodi ya nyumba ikilipwa ileile kama zamani.

Kuhusu vumbi nitasema kwa ufupi. Ukuta wa matofali na saruji ukikatwa mkavu kwa mashine unatoa vumbi laini linalokaa mapafuni. Ukimwagiwa maji kabla ya kukatwa, vumbi hilo linapungua sana. Mbao za saruji za zamani, za paa na za dari, zichukuliwe kuwa zina amianti, yaani asbesto, mpaka zipimwe. Ufaransa ilipiga marufuku amianti mwaka 1997, na nchi zote za Umoja wa Ulaya zilikuwa zimefanya hivyo kufikia 2005, kwa sababu unyuzi wake ukivutwa unaweza kuleta saratani baada ya miaka 20, 30 au 40. Kwetu mbao hizo zilipasuliwa kwa nyundo na kutupwa kutoka juu hadi uwanjani, pale tunapooshea vyombo.

Mheshimiwa Meya, hatuombi hisani. Katiba ya nchi yetu, Kongo, ya 2006, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya makazi yanayofaa, maji safi ya kunywa na umeme. Kifungu cha 53 kinampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya. Na Sheria ya Oganiki, yaani sheria inayopanga vyombo vya dola, namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaufanya mji kuwa chombo chenye mamlaka yake. Amri ya mji inaweza kuandikwa kwa ukurasa mmoja.

Tungependa iseme kwamba umeme na maji visikatwe kabla ya saa mbili asubuhi, watoto wakiwa wameshakula na kuondoka, na kwamba tangazo libandikwe mlangoni siku mbili kabla. Mabaraza yatengenezwe upande mmoja kwanza, upande wa pili ukiwa wazi. Dirisha la jikoni lisizibwe hata siku moja ikiwa mle ndani kuna watu. Likilazimika kuzibwa, familia ihamishiwe chumba kingine kwa gharama ya mwenye jengo. Kazi ya kukata ifanyike kwa maji. Na chini, uwanjani, pajengwe jiko la pamoja: nguzo nne, mabati machache, pande zote wazi, na bomba moja la maji linalofunguliwa tangu saa kumi na moja alfajiri.

Wenye majengo watalalamika kwamba hayo yanaongeza gharama. Niliwauliza mafundi wetu wenyewe. Jiko la namna hiyo, walisema, ni kazi ya siku moja kwa miti na mabati yaliyokwisha kuletwa. Tena nao wanalihitaji. Mchana wanasonga bukari yao, yaani ugali, kwa mbabula ndani ya chumba cha chini kisicho na dirisha, na usiku vijana wawili wanalala humohumo kama masentinele, yaani walinzi, wa saruji. Hakuna anayewafikiria hao, kwa kuwa si wapangaji na hawana wa kumwandikia.

Kuna jingine ambalo naomba ulipe uzito. Wakaguzi wakija saa tano asubuhi, watakuta jengo lililo kimya: watoto shuleni, mbabula zimezimwa na kurudishwa chini ya ngazi, mafundi wamevaa kofia. Hawataona lolote. Waje saa kumi na mbili asubuhi. Wapande hadi ghorofa ya juu, wabishe hodi, waombe kuona mahali mama wa nyumba anapokaangia yai. Wasimame pale jikoni kwa muda huo mfupi, wavute hewa tunayovuta, kisha waandike ripoti yao.

Mvua zikiisha mwezi wa nne, majukwaa mapya yatasimamishwa mjini kote, na baridi itafuata. Amri ikitoka kabla ya hapo, itazikuta kazi hizo mwanzoni. Familia za jengo letu zilizokubali kuwafungulia wakaguzi mlango zimesaini karatasi, kila moja na namba ya chumba chake. Karatasi hiyo nitaileta mwenyewe ofisini kwako Jumatatu asubuhi, pamoja na nakala ya barua hii kwa bugumestre, mkuu wa komini yetu.

Kwa heshima nyingi,

Mpangaji wa ghorofa ya tatu, komini ya Lubumbashi