Barua ya wazi kwa wenzangu wa likelemba: mama watoto hakusafiri Likasi

Wamama na wapapa wa likelemba yetu, chama chetu cha kuchangiana faranga kwa zamu hapa Katuba, na wewe kijana unayetushikia daftari,

Jambo yenu wote. Ninaanza kwa kuungama. Mwaka mzima, kila mlipouliza mama watoto, mke wangu, yuko wapi, niliwajibu kwamba yuko Likasi kwa mdogo wake. Hakuwa Likasi. Anaumwa ugonjwa wa kusahau, na alikuwa chumbani, hatua chache kutoka pale mlipokuwa mmeketi mkihesabu faranga, mlango umefungwa kwa ufunguo, na binti yetu amekaa naye akimshika mkono asije akaita kwa sauti. Mzee wa miaka 79, mstaafu wa reli, nikadanganya kama mtoto aliyevunja kilauri. Wengine mlijua. Nilikuwa naona mnavyolitupia jicho lile dirisha, kisha mnageukia hesabu.

Nilimficha kwa sababu ya neno ambalo sote tunalijua na hakuna anayelitamka mchana: ulozi, yaani uchawi. Mnamkumbuka yule bikizee aliyekutwa alfajiri katika lupango (uwanja wa nyumba) la watu, hana nguo, hajui jina lake wala kwake? Mnakumbuka kilichosemwa. Eti ndege yake ya usiku iliishiwa mafuta ikaanguka. Watu walicheka, halafu wakaokota mawe. Nilikuwepo. Jiwe sikuokota, na neno pia sikusema. Basi mama watoto alipotoka usiku wa kwanza, katika baridi ile ya Juni, nikamkuta kwa jirani amesimama kando ya kisima na kitenge chake mkononi, nilichofikiria kwanza si afya yake. Nilifikiria mawe.

Leo naelewa alichokuwa akifanya. Aliamka kwa haja ndogo. Akatafuta choo, lakini cha nyumba aliyokulia, si cha nyumba anayolala sasa. Akatembea mpaka akili yake ikamwambia amefika, akavua nguo kama mtu yeyote anayeingia msalani. Ndiyo ndege yenyewe hiyo.

Daktari aliniambia jina lake ni demensia, na akanieleza kwamba hilo ni kama sisi tunavyosema homa: jina moja, ndani yake magonjwa mengi. Lililoenea zaidi linaitwa Alzheimer, kwa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer, ambaye mwaka 1906 alieleza mbele ya wenzake alichokiona katika ubongo wa mama mmoja aliyekuwa amepoteza kumbukumbu. Jingine hutokana na mishipa midogo ya damu kichwani kuziba mmoja baada ya mwingine, na presha na sukari ndizo zinazolilisha. Shirika la Afya Duniani, hiyo OMS mnayoisikia redioni, linahesabu watu zaidi ya milioni 55 wenye shida hii, na zaidi ya 60% kati yao wako katika nchi zisizo tajiri. Walozi milioni 55 wangekwisha kuimaliza dunia zamani.

Hapo naomba mnisikilize vizuri kidogo, maana kuna kosa linaloua. Mtu mzima akichanganyikiwa ghafla, jana alikuwa sawa na leo hajui alipo, huo si uzee na si demensia ya polepole. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, sukari iliyoshuka. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na hata yule anayesahau kidogo kidogo apimwe, kwa kuwa ugonjwa wa tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12 au kaswende ya zamani vinaweza kuvaa vazi hilo hilo, na hivyo vina dawa. Hapa Lubumbashi tuko na kituo cha magonjwa ya akili cha Dr Joseph Guislain. Najua tunavyokiita mtaani. Mimi mwenyewe mara mbili nilifika karibu na lango nikageuka, niliogopa nisije nikaonekana na mtu wa kanisa. Mara ya tatu nilimkuta mtu wa kanisa ndani, amekaa foleni na kaka yake. Tukasalimiana.

Ugonjwa wa mama watoto hauna dawa ya kuuponya. Nilikwisha kulipa wengi walioahidi kinyume, pamoja na mmoja aliyetaka mbuzi mweusi na simu mpya. Kwa hiyo siwaandikii kuomba mchango wa matibabu, wala zamu ya kufunga na kuomba. Nawaandikia kuomba watu.

Mjukuu wangu anayesoma Kasapa, chuo kikuu chetu, alinisomea jambo lililoanza mwaka 1997 katika mji wa Leiden, Uholanzi. Mtaalamu wa saikolojia, Bère Miesen, aliona kwamba wagonjwa na jamaa zao wanakaa kila mmoja kwake, hawazungumzi juu ya ugonjwa hata wao kwa wao, mume kwa mke. Akawakusanya jioni moja: wagonjwa, jamaa zao, wataalamu kidogo, kahawa, muziki, maneno. Wakauita mkutano huo Alzheimer Café, na sasa uko katika nchi nyingi. Nilipomaliza kusikia nilicheka, mjukuu akaudhika. Nikamwambia: mtoto, kitu hiki Wazungu walikitafutia daktari, sisi tuko nacho tangu nikiwa kijana, ila tumewatoa nje wale wanaokihitaji.

Maana likelemba ni nini? Mwezi huu tunampa huyu, mwezi ujao yule, na hakuna anayeona haya kupokea, kwa sababu zamu yake ya kutoa inajulikana. Tunafanya hivyo na faranga. Sasa tufanye na saa. Kila mwanachama atoe saa mbili kwa mwezi, akae na mgonjwa wa nyumba fulani, ili yule anayemtunza atoke. Aende soko la mtaa wa Kenya, asukwe nywele, alale chini ya mwembe, akae tu akitazama barabara. Na Jumamosi ya kwanza ya mwezi tukutane wote, pamoja na wagonjwa wenyewe, katika lupango langu.

Najua mtauliza tutaongea nini na mtu asiyejua leo ni lini. Nitawaambia nilivyojifunza, na nilijifunza vibaya.

Mama watoto alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi, baba yake alikuwa mtu wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba. Siku nyingi kwake bado ni siku ya poso, chakula walichogawiwa wafanyakazi, mama yake amesimama kwenye foleni ya unga na samaki, na mji huu ni Elisabethville. Mjukuu mdogo alikuwa akimsahihisha: koko (bibi), jina hilo lilibadilishwa 1966! Akawa analia kama mtu aliyeambiwa nyumba yake imebomolewa. Halafu anauliza baba yake atarudi saa ngapi. Mimi, kwa kuwa sipendi uongo (mcheke, mna haki), nilimjibu: baba yako alikufa zamani. Alipiga yowe la msiba. Baada ya saa moja akauliza tena, nikamjibu tena, na yowe likawa lile lile, maana kwake ilikuwa mara ya kwanza kusikia. Siku hiyo moja nilimfisha baba mkwe wangu mara nne.

Siku hizi akiuliza ninamwambia: hebu nieleze alivyokuwa anarudi kutoka kazini. Basi anaeleza. Kofia ngumu, vumbi kwenye nyusi, mlio wa king'ora, kipande cha mkate alichokibakiza mfukoni kwa ajili yake. Tumeoana zaidi ya miaka 50 na mambo ya ule mkate nimeyasikia mwaka huu. Mkija, fanyeni hivyo. Msimpime kwa maswali: unanijua mimi nani? Jina langu nani? Hiyo ni mitihani, na hakuna anayependa kualikwa kwenye mtihani. Taja jina lako mwenyewe, akiuliza tena taja tena, kama vile hajauliza.

Mikono yake inakumbuka kuliko mdomo. Mpe karanga za kumenya, maharage ya kuchagua, majani ya sombe (kisamvu) ya kutoa kwenye vijiti. Atafanya saa nzima, na vizuri kuliko binti zetu. Vikichanganyika tena usimuonyeshe. Nyimbo pia. Hakumbuki alichokula asubuhi, lakini nyimbo za kanisa za Kibemba anaziimba ubeti kwa ubeti, na mtu akipiga gitaa kavu, lisilo la umeme, kama walivyokuwa wanapiga zamani, mguu wake unaanza wenyewe.

Kwa sababu hiyo hiyo, naomba sana: bafle, spika kubwa ya muziki, isije. Najua likelemba yetu bila bafle inaonekana kama matanga. Lakini kelele nyingi zinamtisha mgonjwa, hawezi kuchuja sauti moja kutoka katika nyingine. Gitaa moja inatosha, au ngoma ndogo. Tuanze saa nne asubuhi na saa saba watu wawe wamekwisha kurudi kwao, kwa kuwa jua likianza kuteremka wengi wao wanaanza kuhangaika, wanataka "kwenda nyumbani" hata wakiwa nyumbani. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, itakuwepo. Pombe hapana, samahani wapapa. Mbabula, jiko la makaa, itakaa nyuma ya jikoni na mtu wa kuilinda. Mama watoto alikwisha kutia mkono ndani ya makala akitafuta kiazi ambacho hakikuwepo. Lango litafungwa kwa ndani, na kila mgonjwa atafungiwa utepe mkononi wenye namba ya simu ya kwao.

Sasa watunzaji. Hao tutawawekea viti chini ya mwembe, mbali kidogo, waongee wanavyotaka, hata vibaya. Nimemsikia binti yangu akisema, akidhani nimelala, kwamba kuna asubuhi anaomba mama yake asiamke. Zamani ningempiga kofi. Siku ile nilibaki nimelala, nikahesabu: ameacha kuuza vitenge vyake, mume wake amekwisha kumwambia mara mbili achague nyumba moja, na mgongo unamuuma kwa kumnyanyua mtu mzima. Mtu anayeyasema haya chini ya mwembe asiambiwe kwamba ni msalaba aliopewa na Mungu. Asiambiwe chochote. Ajazwe kilauri cha munkoyo.

OMS inasema 70% ya saa za kuwatunza watu hawa zinabebwa na wanawake. Kwangu mimi ilikuwa 100%. Inasema pia kwamba mtunzaji wa nyumbani anatumia wastani wa saa 5 kwa siku. Nadhani hawakuhesabu usiku. Wapapa, nawageukia ninyi, wazee wenzangu wa reli na wa kiwanda, mnaopita hapa kunipa pole mkiwa mmesimama, mkono mmoja bado kwenye lango. Mimi nilikuwa najiona mtunzaji kwa kuwa nililipa dawa na kushika ufunguo. Kuosha, kulisha, kubadilisha mashuka yaliyolowa, niliita kazi ya wanawake. Mwaka jana binti alishikwa na malaria kwa wiki moja nikabaki peke yangu. Siku ya kwanza nilimwagia mke wangu maji baridi kwa kutojua, akanipiga na kikombe cha plastiki. Siku ya tano nilikuwa nimejifunza: kuanza na miguu, kumwambia kila nitakachofanya kabla sijakifanya, kumwachia sabuni mkononi. Kama mikono iliyofunga mabehewa imeweza, na yenu itaweza.

Kuhusu pesa, kifupi: tutoe kidogo kwenye mfuko wa dharura kwa sabuni, vitambaa na mashuka ya kubadilisha, maana hivyo ndivyo vinavyokula nyumba kila wiki, si dawa. Mweka hazina atanuna. Tutamzoea.

Najua malupango mengine mawili katika barabara hizi ambako kuna mtu "amesafiri". Sitayataja. Nawajua kwa sababu ya dirisha linalofungwa mchana wa joto la Oktoba, na kwa sababu ya mwanamke anayenunua sabuni kuliko wenye watoto wachanga. Wenye nyumba hizo wakisoma barua hii wajue kwamba mimi sitauliza safari iliendaje.

Kijana wa daftari, fungua ukurasa mpya, chora mistari: jina, siku, saa. Mstari wa kwanza niandike mimi, Jumanne, saa nane mpaka saa kumi. Lupango nitakuambia kwa mdomo.

Mzee wenu wa reli,
Katuba, Lubumbashi