Barua ya wazi kwa Afisa wa Leba, Kaunti ya Kisumu: vibarua wa wiki tatu

Mheshimiwa Afisa,

Mimi ni supavaiza wa zamu katika kiwanda cha sukari huku ukanda wa miwa. Jina lake naliacha. Nakuandikia kuhusu vibarua wanaochukuliwa langoni, wakatolewa kabla mwezi haujaisha, na wengine wakaingizwa kwa kazi ileile.

Sababu unaijua. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinampa kibarua aliyefanya kazi mfululizo hadi kufikisha mwezi haki ya kuhesabiwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Basi mwezi hauachwi utimie.

Hasara haionekani kwenye karatasi ya mishahara. Namwonyesha kijana beringi ipi humaliza grisi upesi na hulia vipi ikitaka kuungua. Akianza kuisikia mwenyewe, siku zake zimekwisha. Juzi beringi ya mkanda wa kuingizia miwa ililia mpaka ikaungua, na aliyesimama kando yake alidhani ndivyo mashine zinavyolia. Rola zikasimama, matrela yakapanga foleni hadi barabarani. Muwa uliokatwa ukikaa juani unapoteza sukari na uzito, na mkulima hulipwa kwa tani.

Kwa wapishi wa sukari ni mbaya zaidi. Mpishi huchota uji mzito kwenye pani, chombo cha kuchemshia sukari, akaupaka kwenye kioo na kuutazama kwa mwanga aone kama chembe zimekua sawa. Akikosea zinazuka chembe ndogondogo zisizotengana vizuri na molasi, kazi ikarudiwa. Jicho hilo halipatikani kwa wiki tatu, na wenye nalo wanastaafu bila mwanafunzi.

Mwajiri atakwambia miwa haipo mwaka mzima. Hasemi uongo: 2023 usagaji ulisimamishwa miezi kadhaa ili miwa ikomae. Wala sidai alipe watu wakae bure. Nadai mkataba wa msimu, wa maandishi, wenye sharti kwamba kazi ikirudi waliokuwepo waitwe kwanza. Waajiri huilipa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na kituo chake kipo hapa Kisumu. Lakini mtu wa wiki tatu nani atampeleka kufanya mtihani wa gredi, ule wa kupima ufundi wake?

Ukija kukagua, usianzie ofisini. Fika langoni saa kumi na mbili asubuhi, zamu zinapobadilishana, kisha uitishe daftari la vibarua na ulinganishe majina ya miezi miwili.

Wako,
Supavaiza wa zamu ya usiku