Kampala haikuishia Aprili 11

Ndugu Mhariri,

Miaka yote nimelisoma gazeti lako kimya kimya na kulikunja. Lakini makala yenu ya juma lililopita, ile ya majeshi yanayotuliza nchi baada ya vita, imenikwama kooni. Mwandishi wako anasema nchi hutulia ikiwa tu askari wa kutosha watapelekwa. Na picha ilikuwa ileile: askari amempakata mtoto. Sijui picha hiyo mnaiweka kabati gani, maana haijawahi kuwapotea.

Mimi nilikuwa Uganda mwaka 1979, askari katika jeshi la Tanzania lililomng'oa Idi Amin. Kampala ilianguka Aprili 11, na mwanzoni mwa Juni wenzetu walikuwa wamefika mpaka wa Sudan. Kwa hesabu za mwandishi wako, kazi ilikuwa imekwisha. Mbona basi jeshi la Tanzania lilibaki kule hadi mwaka 1981? Lilibaki kwa sababu Amin alipokimbia, serikali nzima ilikimbia naye. Askari wake walielekea West Nile, kwao kaskazini magharibi, wengine wakavuka kwenda Sudan na Zaire. Polisi walivua sare wakapotelea mitaani. Wananchi nao wakaingia madukani na maofisini, wakabeba kila kilichobebeka.

Nikupe kisa kimoja tu. Jioni moja nikiwa kwenye kizuizi, nje kidogo ya Kampala, walikuja wanaume wawili na baiskeli, na juu ya baiskeli cherehani. Kila mmoja anaapa ni yake. Mmoja anasema aliinunua, mwingine anasema aliachiwa na Mhindi aliyefukuzwa mwaka 1972, na nyuma yao watu wamefuatana kama wanakwenda harusini, kila mtu na ushahidi wake. "Afande, amua." Niamue nini? Mimi nilifundishwa kulenga shabaha na kuchimba handaki. Nikawaambia waende polisi. Wakacheka. Kituo cha polisi kilikuwa kimeng'olewa milango na madirisha. Nikauliza chifu yuko wapi, nikaambiwa alikimbia. Mahakama? Mzee mmoja akanionyesha karanga alizonunua siku ile, zimefungwa kwenye karatasi ya hukumu, muhuri unaonekana. Mwishowe nikaamuru cherehani ibaki kizuizini mpaka polisi warudi. Ikabaki. Tulipohamishwa tukaikabidhi kwa waliokuja kutupokea zamu, pamoja na kesi mbili za ng'ombe, madai ya mahari, na ugomvi wa ukuta kati ya ndugu wa baba mmoja. Huko ndiko kutuliza nchi, Mhariri, na hakuna aliyekuja kupiga picha. Usiku kondo, yaani majambazi wenye silaha, wanavunja nyumba za watu kwa bunduki walizookota, asubuhi watu wanauliza Watanzania mnafanya nini, na sisi hatuna hata daftari la kuandikia jina la aliyeibiwa.

Bunduki zenyewe ni habari nyingine. Askari wa Amin walipoikimbia kambi ya Moroto, kaskazini mashariki mwa Uganda, ghala la silaha liliachwa bila mlinzi, na Wakaramojong, wafugaji wa huko, wakajichukulia. Wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mikuki ukawa wa bunduki za kivita. Mwaka 2001 serikali ya Uganda ilikuwa bado inahangaika kuwanyang'anya silaha watu wa Karamoja. Zaidi ya miaka ishirini, kwa sababu ya ghala moja! Mwandishi wako anahesabu vikosi. Angehesabu kwanza makufuli.

Halafu Iraki mwaka 2003 yakarudiwa yaleyale kwa makusudi. Mei 23 Paul Bremer, Mmarekani aliyewekwa kuitawala Iraki baada ya uvamizi, alilivunja jeshi la Iraki kwa amri ya karatasi, akawarudisha nyumbani watu wenye mafunzo na hasira ila hawana mshahara. Msumbiji walifanya tofauti. Baada ya mkataba wa Roma wa mwaka 1992, uliomaliza vita vya serikali na waasi wa Renamo, askari wa pande zote mbili walisajiliwa kambini, na waliopunguzwa wakalipwa posho ya miaka miwili. Wengi walichagua kwenda kulima kuliko kuingia jeshi jipya, hata jeshi hilo likakosa watu wa kulijaza. Makala yenu haikugusa jambo hili hata kwa sentensi moja. Labda karani anayelipa posho hana sura ya kupendeza kwenye picha.

Na nikiwa nimeshika kalamu niseme na hili. Kila Siku ya Mashujaa tunaelezwa jinsi nduli Amin alivyofukuzwa, na hadithi inafungwa Kampala. Mjukuu wangu anaijua vita nzima mpaka Aprili, baada ya hapo hajui kitu. Hajui kwamba Rais Lule, aliyemrithi Amin, alitawala siku 68 tu, akaja Binaisa, akaondolewa Mei 1980, ikaja Tume ya Kijeshi ya Muwanga, ukafanyika uchaguzi wa Desemba uliozua ugomvi, na Februari 1981 Museveni akaingia msituni kupigana na serikali. Sisi tulikuwa bado tuko kule, tunalinda barabara. Unailinda barabara, wakubwa wanagombania ikulu, na kila upande unakuangalia wewe kana kwamba umetumwa na mwenzake. Walimu wasifundishe hayo? Wachambuzi wenu wa redioni, ambao wote siku hizi ni wataalamu wa usalama, wasiyaseme?

Ushauri wangu ni huu. Siku nyingine jeshi likienda kutuliza nchi ya watu, ndege ya kwanza ibebe mahakimu na meza zao, mhasibu na sanduku la noti ndogo ndogo, polisi na baiskeli, na fundi wa makufuli. Waandishi wapande ya tano. Na huyu wenu, kabla hajaandika makala ya pili, apewe tochi yenye betri chovu asimame kizuizini usiku mmoja aamue kesi za ng'ombe. Akimaliza, mpigeni yeye picha.

Askari mstaafu