Jibu la lile swali lako la kidato cha nne

Mombasa,
Jumapili usiku

Shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi wazima, ila joto, na maji ya mfereji yamekatika tena, twanunua ya mkokoteni. Mama anauliza utarudi lini. Mwambie wewe mwenyewe, mimi nimechoka kutunga majibu.

Unakumbuka ulivyomuuliza mwalimu wa hesabu? "Derivativu ni mwinuko wa grafu, integrali ni eneo lililo chini ya grafu. Mwinuko na eneo wamejuana wapi hata kimoja kiwe kinyume cha mwenzake?" Darasa zima likacheka. Akakujibu kuwa hilo haliji kwenye mtihani, ukakaa. Mie nikaendelea kukariri kanuni ya integrali: ongeza moja kwenye kipeo, gawanya kwa kipeo kipya, usisahau C, ile namba isiyobadilika inayoongezwa mwishoni. Alama nilipata. Kuelewa, wallahi, hata chembe.

Sasa nimeanza masomo ya jioni na mada hiyo imenirudia kama mdai. Safari hii sikukubali kuipita. Jibu nimelipata kwa mjomba, yule mvuvi, ambaye hajui integrali ni mnyama gani.

Jumamosi ilikuwa bamvua, siku za bahari kujaa na kukupwa kupita kawaida. Nilimfuata kwenye zile ngazi zinazoshuka majini Mji wa Kale, yeye akishona nyavu, mie na chaki na futi ya fundi cherehani. Maji yalikuwa yamekupwa kabisa saa nne asubuhi. Nikatia alama ukutani, kisha nyingine kila saa, mpaka yalipojaa saa kumi jioni. Kila baada ya saa moja nilipima maji yamepanda kiasi gani: sentimita 24, halafu 52, 77, 76, 49, 26. Mjomba hakushangaa. "Maji huamka kivivu, katikati hukimbia, mwisho huchoka," akasema, macho yako kwenye nyavu.

Nikajumlisha: 304. Halafu kwa furaha zangu nikapima toka alama ya chini kabisa hadi ya juu kabisa, nikapata 304. Nikamwonyesha mjomba kama mtu aliyeokota lulu. Akanitazama. "Sasa ulitaka ipatikane ngapi?"

Shoga, hapo ndipo iliponiingia. Ukijumlisha tofauti zote, alama za katikati zinakufa zenyewe, kwa kuwa kila moja ni mwisho wa hatua moja na mwanzo wa hatua ifuatayo. Inabaki ya mwisho kutoa ya kwanza, basi. Derivativu ni kutafuta tofauti, integrali ni kuzijumlisha. Hata zile alama zao zinasema hivyo hivyo, ila hakuna aliyetwambia: Leibniz, yule Mjerumani, ndiye aliyeichora integrali mwaka 1675 kama herufi S iliyovutwa, S ya summa, yaani jumla kwa Kilatini. Na ile d inayoandikwa kwenye derivativu ni ya differentia, yaani tofauti.

Najua utaniuliza: na eneo je? Chora grafu ya kasi ya maji, saa zikiwa chini, sentimita kwa saa zikiwa kando. Chukua kipande chembamba, tuseme dakika moja. Urefu wake ni kasi, upana wake ni muda, na kasi mara muda ni kiasi maji yalichopanda katika dakika ile. Kwa hiyo eneo la kile kipande ndiyo hatua moja ya maji ukutani. Jumlisha vipande vyote, umepata maji yalivyopanda kutwa. Kadiri unavyovikata vyembamba zaidi ndivyo unavyoukaribia ukweli. Na ukitaka kurudi, uliza eneo linakua kwa kasi gani sasa hivi: kipande kinachoongezeka, ukikigawa kwa upana wake, kinabaki urefu, ambao ni ile grafu yenyewe.

Usiku nikajaribu kwa kalamu. Nikajifanya kasi ni 6t kutoa t mraba, t ikiwa saa zilizopita, ambayo huanza na sifuri, hupanda, na baada ya saa sita hurudi sifuri kama maji. Nikakata vipande sita, kila kimoja nikakipima urefu pale katikati, kama tulivyofundishwa: 2.75, 6.75, 8.75, halafu vilevile kurudi nyuma. Jumla 36.5. Halafu nikatafuta kitu ambacho kasi yake ndiyo hiyo: 3t mraba, kutoa theluthi ya t kwa kipeo cha tatu. Tia 6, unapata 108 kutoa 72. Tia 0, sifuri. Jibu 36 kamili, bila kukata kipande hata kimoja! Nilicheka peke yangu mpaka mama akabisha hodi.

Na ile C iliyokuwa ikitukosesha alama? Mjomba huhesabu kutoka ngazi ya chini, iliyoota majani ya bahari. Mie nilipima kutoka alama yangu ya chaki. Namba zetu hazifanani, zinapishana kwa kiasi kilekile daima, lakini ukiuliza maji yamepanda kiasi gani, sote twajibu 304. C ni ngazi uliyochagua kuanzia kuhesabu. Ukitoa, inajitoa.

Kitu kimoja kiliniumbua, nawe jihadhari nacho. Saa kumi, maji yakiwa juu kabisa, nilimwambia mjomba kuwa sasa ndipo kasi ilipo kubwa. Akanionyesha kijiti kinachoelea kimetulia tuli. "Maji yamesimama." Kimo kikubwa, kasi sifuri! Nimevichanganya viwili hivyo miaka yote, na Kiswahili chetu kilikuwa na neno lake. Kisha yakaanza kukupwa, kasi ikawa hasi, na kile nilichojumlisha mchana kutwa kikawa kinatolewa kidogo kidogo.

Ulipo huko sijui bahari i karibu kiasi gani, lakini ukipata ngazi na chaki, jaribu siku za maji mafu, yale yasiyopanda wala kushuka sana, uniandikie namba zako. Nataka kuona grafu yako imelala kiasi gani mbele ya yangu.

Mtihani ni Jumanne. Alama zangu za ukutani zimekwisha kufutwa na maji ya usiku, na mjomba anataka nimlipe chai ya ushauri.

Ni mimi, shogayo wa dawati la nyuma.