Mashine ya kupolishi ifundishwe kwenye boneti bovu, siyo kwenye gari ya mteja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, na mnisamehe uandishi maana mi ni fundi rangi, kalamu naishika nikiandika risiti tu. Ila kuna jambo la gereji zetu hapa Arusha linaniuma na kila mwaka ikifika mwezi wa 11 linaanza upya.

Si mnajua Desemba ilivyo huku kwetu. Kila Mchaga mwenye gari anataka apande nayo Machame, Marangu, Rombo ikiwa inawaka, meku akishuka migombani watu wajue ameshuka, na sie wa hapa mjini nao hatukubali kupitwa, basi gereji zinajaa mpaka barabarani, fundi mkubwa kashika bunduki ya rangi hana muda wa kugeuka, ndo hapo unasikia "we dogo, hebu shika hiyo mashine piga polishi ile Noah, mwenyewe anakuja saa kumi". Dogo ana wiki tatu tangu aje. Wiki zote tatu kazi yake ilikuwa msasa wa maji na kutumwa chapati.

Huyo dogo nilikuwa mimi. Miaka imepita mingi lakini gari naikumbuka, Mark II GX100, bluu iliyokoza, na jua la saa saba. Ile mashine ukiiwasha mara ya kwanza inakuvuta kama ng'ombe aliyeona majani, nikaizoea kidogo, nikaona panavyong'aa, nikanogewa, nikafika kwenye ule mkunjo wa boneti karibu na taa palikuwa na mkwaruzo nikaona ngoja nikae hapa hapa niutoe. Sekunde tatu nne tu. Sponji ya mashine ikageuka bluu, mi nikafurahi nikijua uchafu unatoka, kumbe rangi ndo inatoka, praima ya kijivu, ile inayopigwa chini ya rangi, ikanichungulia. Mwenye gari alikuwa mama mtu mzima, wala hakupiga kelele, alipitisha kidole pale akaniambia "Mwanangu, hapa asubuhi palikuwa na rangi". Bora angenitukana. Bosi akanikata hela miezi miwili, boneti likapigwa rangi upya, na hakuna hata mmoja aliyekaa na mimi akanieleza nimekosea nini, niliambiwa tu nina mkono mzito.

Sasa mkono mzito ndo nini? Ilinichukua miaka kujijibu mwenyewe. Gari nyingi za sasa juu ya rangi zina klia, yaani tabaka la juu lisilo na rangi linalong'aa, na hiyo klia ya kiwandani unene wake mara nyingi ni mikroni 40 hadi 50 (mikroni elfu moja ndo milimita moja), wakati unywele wa kichwani kwako ni kati ya mikroni 50 na 100. Yaani vyote unavyovitafuta, mng'ao, mikwaruzo, kazi yako yote, viko ndani ya kitu chembamba kuliko unywele. Halafu mashine yenyewe hii tunayotumia wengi inazunguka upande mmoja tu, haitikisiki kama zile nyingine ambazo ukizikandamiza zinagoma kuzunguka, hii ukiikandamiza inaendelea, na nguvu yote inageuka joto pale pale ilipo. Kwenye bapa joto linatawanyika. Kwenye mkunjo, ukingo wa mlango, kona ya fenda, sponji nzima inaegemea mstari mmoja mwembamba, na rangi hapo ilishakuwa nyembamba tangu inapigwa. Bampa ndo usiseme, plastiki haipitishi joto kama bati, linabaki juu juu, rangi inaungua huku unaangalia.

Haya yangeelezwa kwa dakika tano tu. Ila mafundi wetu wengi, na nasema hili nikijua watanichukia, wanaficha. Anakwambia kaa uangalie. Utaangalia nini wakati hujui kwa nini amebandika masking tepu kwenye ule ukingo, kwa nini waya ameuzungushia begani, kwa nini kompaundi, ile dawa ya kusugulia mikwaruzo, anaanza kuitandaza na spidi ya mizunguko 600 kwa dakika ndo baadaye anapanda 1,200 au 1,500, kwa nini anaigusa bodi na kiganja kila mara? (Anapima joto. Kiganja kikishindwa kutulia pale, acha, hamia sehemu nyingine.) Na kwa nini akifika ukingoni anaigeuza mashine sponji iwe inakimbilia nje, inatoka kwenye ukingo, maana ikiupandia inang'oa rangi na nembo pamoja.

Na kuna wanaofanya vibaya zaidi, hawana hata hiyo mashine, wanafunga sponji kwenye grinda ya kukatia chuma. Jamani. Grinda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, mashine ya polishi nyingi mwisho wake ni 3,000. Hapo hufundishi mtu, unachoma gari.

Ombi langu kwa wenye gereji ni dogo. Wekeni boneti bovu. Yamejaa kwa wauza chuma chakavu, wanapima kwa kilo, na ukilinganisha na kupiga rangi boneti moja la mteja hiyo hela ni ya soda. Ukilipata liegemeze mahali penye kivuli, ligawe katikati kwa tepu, upande mmoja uache kama ulivyo ili uwe na cha kulinganisha, upande wa pili likwaruze na msasa namba 2000 na maji, halafu mpe dogo kazi ya kuitoa ile mikwaruzo mpaka boneti lirudi kuwa kioo. Pedi ya manyoya kwanza, inakata haraka, kisha sponji laini na polishi ya kumalizia. Amulike na tochi ya simu. Ataona ile mistari kama utando wa buibui inayozunguka ikifuata taa, hiyo ndo ishara kwamba ameishia njiani, na ndo ile mteja anayoiona kesho yake akiwa sheli jua likipiga, hasa gari nyeusi. Wapo wanaoifunika na polishi yenye mafuta mengi, ikioshwa mara mbili inarudi yote.

Halafu, na hapa ndo wengi wananicheka, mwambie dogo achome makusudi. Akae kwenye kona ya boneti ahesabu, moja, mbili, tatu, asikie harufu, aone sponji inavyobadilika. Mtu akishaunguza mara tatu kwa hiari yake mkono unajua wenyewe. Angalizo moja tu, zile nyeupe za zamani, Land Cruiser za utalii ziko nyingi hazina klia kabisa, hizo sponji itageuka nyeupe tangu mwanzo na ni kawaida, asishtuke, ila ajue anakula rangi yenyewe kwa hiyo aende taratibu. Gari za watalii zinakuja zimechanwa na miba ubavu mzima, bosi wa kampuni anataka mikwaruzo yote itoke, na ukipitisha ukucha ukakwama hiyo haitoki kwa polishi, mwambie ukweli kabla hujawasha mashine. Kuna mabosi hawataki kusikia.

Nanyi wenye magari mna sehemu yenu. Mnaleta gari saa nane mnaitaka saa kumi, imepigwa na jua kutoka Namanga, bodi ya moto, vumbi letu la volkano limeganda juu na hamtaki hata ioshwe vizuri, vumbi lile likiingia chini ya sponji linakwaruza kama msasa. Iacheni gari ilale. Na muulize fundi nani hasa atashika mashine, akikuonyesha dogo, uliza lile boneti la mazoezi liko wapi.

VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wamekuwa wakirasimisha ujuzi wa mafundi wa mtaani kama sie, ni jambo zuri, natamani siku wanapotupima na hii mashine iwemo.

Kwetu hapa Unga Limited yapo maboneti mawili nyuma ya gereji, moja la Corolla na jingine sijui hata lilikuwa la gari gani, limeshachomwa na madogo saba. Chalii yeyote anayetaka kujaribu aje Jumapili baada ya ibada, aje na sponji yake, mashine na umeme ni vyangu. Ila Desemba asije.

Fundi rangi,
Unga Limited, Arusha