Wito wa harambee: tusaidieni kuuondoa mchanga tuliouleta kwa mikono yetu

Kwa wana na mabinti wa Nyatike mlioko nyumbani na mlioko mbali, kwa wote waliosoma shule yetu hapa karibu na Macalder, kwa waumini wenzetu na kwa kila mwenye mapenzi mema: tunawasalimu katika jina la Bwana.

Tunaandika tukiwa na haya usoni. Mlipotuchangia paa la bwalo miaka mitatu iliyopita, tuliwaahidi kwamba tutakaa kidogo kabla ya kunyoosha mkono tena. Hatujakaa. Lakini safari hii hatuombi jengo, wala basi, wala vyombo vya kwaya. Tunaomba msaada wa kuondoa kitu ambacho sisi wenyewe tulikileta, tena kwa nyimbo na vigelegele.

Waliopita chekechea yetu wanakumbuka. Asubuhi mwalimu aliwatoa watoto nje, wakachuchumaa kwa safu kando ya ukuta, upande wenye kivuli, kila mmoja na eneo lake dogo alilolisawazisha kwa kiganja. Hapo ndipo tulipojifunzia a, e, i, o, u. Mchanga wetu ni wa kijivu, laini kama unga uliosagwa mara mbili. Herufi hukaa bila kubomoka, na ukikosea unafuta kwa mkono na kuanza upya. Wageni waliusifu. Saa nne kengele ya uji inalia. Beseni la kunawa ni moja, maji nusu, watoto thelathini na wanane. Wa kwanza ananawa kweli. Wa mwisho anachovya vidole kwenye maji yaliyokwisha kuwa rangi ya mchanga wenyewe, anavipangusa kwenye sweta, anashika kikombe, na uji ukichuruzika anaulamba kidoleni.

Mchanga huo ulitoka kwenye lundo la mgodi wa Macalder.

Vijana huenda hawajui historia yote, kwa hiyo tuieleze. Mgodi ule wa shaba na dhahabu ulianza enzi za mkoloni, miaka ya 1930, ukafungwa mwaka 1966. Jiwe lilitolewa chini, likasagwa likawa vumbi, kilichotakiwa kikachukuliwa na kilichobaki kikamwagwa. Wenye mgodi wakaenda zao, lundo likabaki nasi. Baadaye wachimbaji wadogo walilirudia kutafuta dhahabu iliyosalia, kwa makarai na zebaki, na siku hizi kwa sayanidi pia. Wenzetu kutoka upande wa Tanzania huuita mchanga huo marudio, na kweli umerudiwa mara nyingi mno.

Jiwe la Macalder lina salfa nyingi. Likiwa chini ya ardhi limetulia tu. Ukilisaga, hewa na mvua vikaupata ule unga, salfa inageuka asidi, na asidi inayeyusha madini yaliyokuwa yamefungwa ndani ya jiwe: shaba, risasi (ile metali nzito, si ya bunduki), na aseniki, ambayo ni sumu. Ndiyo sababu baada ya mvua maji yanayotiririka kutoka kule huacha utando wa rangi ya kutu juu ya mawe. Ndiyo sababu jua likiwaka siku mbili mfululizo, uwanja wetu wa michezo hutoka ukoko mweupe unaoelekea manjano, pale karibu na goli la chini ambapo nyasi hazijaota tangu tulipokuwa watoto. Mimi ninayeandika niliuonja ukoko ule nikiwa darasa la pili. Una ukali wa ndimu na ladha ya msumari. Tulidhani ni chumvi.

Ulifikaje shuleni? Hapo ndipo penye uchungu. Mwaka 1984 wazee wetu waliitisha harambee ya madarasa manne na kanisa. Wengine wenu mlikuwepo, au mama zenu walikuwepo. Jogoo mmoja alinadiwa mara tisa, kila anayemnunua anamrudisha anadiwe tena. Wanawake walibeba maji kichwani kutoka mtoni, watoto tukapanga foleni ya kupitisha mawe. Mchanga wa mto ulikuwa na bei, na lori lilikuwa ghali. Mchanga wa lundo ulikuwa wa bure. Mzee mmoja aliyekuwa na trekta akajitolea wiki mbili nzima, akauleta trela kwa trela: wa lipu, wa sakafu, na uliobaki ukajaza bonde dogo lililokuwa mbele ya madarasa, likawa uwanja. Hakuna aliyekosea kwa makusudi. Walitoa walichokuwa nacho, na madarasa yale yametoa walimu, wauguzi, mahakimu, na ninyi mnaosoma barua hii. Tafadhali mtu asitumie jambo hili kuwasema vibaya wazee, wengi wao tayari wamelala.

Tulianza kuuliza maswali mwaka jana, baada ya kijana wetu mmoja anayefanya kazi ya maabara kuja likizo. Alichukua chupa tatu za maji, moja kutoka kisima kifupi nyuma ya jikoni, pamoja na kopo moja la mchanga wa uwanjani. Majibu yalisema aseniki imo, na kisimani imepita kiwango. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 10 za aseniki kwa lita moja. Tulifunga kisima kile siku iyo hiyo kwa mnyororo na kufuli. Lakini sampuli nne alizochukua kijana kwa hisani yake haziwezi kusimama mbele ya ofisi yoyote, na zaidi ya hapo, hazituambii kilichomo ndani ya watoto.

Hatukushtuka kama watu wasiowahi kuambiwa. Utafiti kuhusu ukanda wa dhahabu wa Migori uliochapishwa mwaka 2002 ulishasema kwamba zebaki, risasi na aseniki zimepita kiasi, na mchanga wa Macalder ukatajwa. Miaka zaidi ya ishirini imepita. Taarifa zilikuwepo, sisi hatukuzisoma, na waliozisoma hawakufika kwetu.

Jambo gumu kuhusu sumu hizi ni kwamba hazipigi kelele. Aseniki kwenye maji haina rangi, haina harufu, haina ladha. Kuchemsha hakuiondoi. Ukichemsha sana, maji yanapungua, aseniki inabaki palepale. Inaweza kuchukua miaka kabla ya kuonekana madoa meusi kwenye ngozi na vijigumu kwenye viganja na nyayo. Risasi nayo humpata zaidi mtoto mdogo, anayechezea vumbi kisha akatia mkono mdomoni. Inapunguza uwezo wake wa kujifunza, na madaktari wanasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Tumekuwa tukiwachapa watoto kwa kusahau. Tuliosomesha hapa tunalala na jambo hilo.

Wako wanaosema: mwageni murram juu ya uwanja, mambo yaishe. Kamati imekataa, na ninaunga mkono kwa moyo wote. Bila vipimo hatujui mchanga umeenda chini kiasi gani, hatujui kama kisima cha kanisa kimeguswa, hatujui ni mtoto yupi anayehitaji daktari leo. Tazameni Zamfara, Nigeria. Mwaka 2010 watoto zaidi ya 400 walikufa kwa risasi iliyotokana na mawe ya dhahabu yaliyosagwa majumbani. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilipofika, madaktari wake waligundua kwamba dawa haisaidii mtoto anayerudi kulala kwenye ua uleule wenye sumu. Ilibidi udongo wa juu ukwanguliwe vijiji vinane, uzikwe mahali salama, na udongo safi uletwe, ua kwa ua, hadi mwaka 2013. Pima, safisha, tibu, vyote pamoja. Na kule Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi ulifungwa mwaka 1994, lakini watoto waliozaliwa baada ya hapo bado wanabeba risasi ya mgodi huo kwenye damu.

Nyumbani Kenya tunawakumbuka majirani wa Owino Uhuru, Mombasa. Sumu yao ilitoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri, si mgodini, lakini kilichowapa sauti ni vipimo vya damu. Walikwenda mahakamani na makaratasi ya maabara mkononi, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi ambayo baadaye ilipanda hadi Mahakama ya Juu. Katiba yetu, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Haki hiyo huwezi kuidai kwa kusema tu, "Tunahisi uwanja ni mbaya."

Mtauliza, serikali iko wapi? Tumebisha hodi. Tumepokewa kwa heshima, barua zimepigwa mihuri. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inatoa asilimia 10 ya mrabaha, yaani malipo anayotoa mwenye mgodi kwa madini anayochimba, kwa jamii inayozunguka mgodi, lakini huo ni mrabaha wa mgodi unaofanya kazi. Mgodi uliokufa hautoi mrabaha. Tutaendelea kubisha, ila muhula mpya unakaribia na watoto watarudi kwenye uwanja uleule.

Hesabu iko hivi. Vipimo vya udongo, maji, damu kwa ajili ya risasi na mkojo kwa ajili ya aseniki, vikifanywa na maabara iliyoidhinishwa, ni shilingi 420,000. Ua wa kuzuia watoto na mifugo wasiingie uwanjani ni 260,000. Matangi mawili ya lita 10,000 pamoja na gata za kuvuna maji ya mvua kwenye mabati ni 310,000. Kazi ya uwanja wenyewe, kukwangua au kufunika kwa udongo wa mfinyanzi na udongo mwekundu, kuchimba mfereji wa kuzuia maji ya juu, na kupanda nyasi, tumekadiria 890,000, na hiyo inaweza kubadilika baada ya vipimo. Jumla ni shilingi 1,880,000. Mpaka tunaandika tumepata 183,400 taslimu, nyingi zikiwa za akina mama wa soko la samaki waliokatwa mia mbili mbili. Ahadi hatujazihesabu, kwa sababu ahadi hazinunui tangi.

Mchanga utakaokwanguliwa hatutaumwaga kwa jirani. Mtaalamu wa mazingira mwenye leseni ndiye atakayesema uende wapi na ufukiwe vipi, na mpaka aseme, hakuna beleshi litakaloinuliwa. Kila risiti itabandikwa mlangoni mwa kanisa kila Jumapili. Saini za benki ni tatu: mweka hazina, mwalimu mkuu na mama mmoja mwakilishi wa wazazi. Majibu ya kila mtoto atapewa mzazi wake peke yake, kwa bahasha, na hayatasomwa mkutanoni. Hili tumelisisitiza kwa sababu baadhi ya wazazi wanaogopa mabinti zao watasemwa.

Wako pia waliotuomba tusiandike kabisa. Wanahofia bei ya mashamba na jina la kijiji. Tunawaelewa, ni ndugu zetu. Lakini tuliosoma pale na kufanikiwa, tunaoweka picha za shule mtandaoni kila siku ya kumbukumbu, tutasemaje kwamba tunaipenda shule huku tukificha kilicho chini ya nyayo za watoto wake? Mwenzetu mmoja aliyeko Doha ametuma shilingi 20,000 na ujumbe wa maneno matatu: "Niliulamba mchanga." Wengine bado mmenyamaza. Tunawasubiri, na majina yenu tunayajua.

Watu wa Yeriko walimwendea Elisha wakamwambia mji wao ni mzuri kukaa, ila maji yake ni mabaya na nchi haizai. Hawakuona aibu kusema. Nabii aliwaomba kwanza chombo kipya, nao wakakileta. Hicho chombo ndicho tunachowaomba ninyi.

Harambee itafanyika Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa Agosti, saa nne asubuhi, ndani ya kanisa na si uwanjani. Kadi ziko kwa wawakilishi wa kila eneo Nairobi, Kisumu, Mombasa na Mwanza, na namba ya kulipia imeandikwa nyuma ya kadi. Tafadhali msitume kwa namba nyingine yoyote mtakayopewa kwa simu. Anayeweza kutoa ng'ombe alete, anayeweza kutoa mia alete. Jogoo atakuwepo.

Kuna jambo moja dogo lisilosubiri Agosti. Mwalimu wa chekechea amewakataza watoto kuandika mchangani, na sasa wanaandika hewani kwa vidole huku yeye akitazama nani amekosea. Anahitaji vibao thelathini na vinane vya kuandikia, maboksi mawili ya chaki, na mabeseni matatu ya kunawia. Yeyote anayepita dukani wiki hii anaweza kumpa dereva wa matatu ya Macalder, atatufikishia.