Salamu za Muungano kutoka Tanga: buluu ya bibi

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, habari za masika? Na nyinyi wanangu mtakaosomewa ujumbe huu na wakubwa wenu, hamjambo?

Kesho ni Aprili 26, siku ya Muungano. Nawatakieni heri ya sikukuu nyote mlioko hapa Tanga mjini, Muheza, Pangani, Korogwe na kule Lushoto kwenye ukungu, pamoja na ndugu zetu wa ng'ambo, Pemba na Unguja. Mwenyezi Mungu awajaalie afya, mvua ya kiasi, na safari salama mnaovuka maji.

Kila mwaka sikukuu hii hutukuta kwenye malelezi. Kaskazi imekatika, kusi haijakaa sawasawa, na wavuvi wa Sahare wanatoka alfajiri wakiitazama mbingu mara mbili. Mimi upepo nausoma kwenye bendera ya shule. Tangu Januari ilikuwa ikielekea jikoni kwa wapishi wa uji. Wiki hizi imegeuka, inaelekea kwenye mwembe, na kuna asubuhi inalowa ikajikunja mlingotini kama kanga iliyoanuliwa mbichi. Nimeona nitumie salamu hizi kuwasimulia yaliyotokea chini ya mlingoti huo, maana yamebadilisha ufundishaji wangu.

Ilikuwa Jumatatu ya mwezi huu, mvua imetoka kukatika, watoto wako mstarini. Viranja wawili wa darasa la sita waliifunga bendera kwa haraka, kamba imevimba kwa maji inakwama kwenye kapi, wakavuta hivyo hivyo hadi juu. Wimbo wa taifa ukaanza. Upepo ukaja, bendera ikafunguka, na tukaona iko juu chini: kijani imeshuka, buluu imepanda. Nilisubiri wimbo uishe, kisha nikauliza mstari mzima, kuna nini pale juu? Kimya. Watoto wote wale wanaozitaja rangi nne na maana zake bila kukosea neno, na hakuna aliyeona kitu. Mwishowe mtoto wa darasa la pili, kwa sauti iliyotufikia kwa shida, akasema, "Mwalimu, ule mweusi unateremka."

Ndivyo ilivyokuwa. Mkanda mweusi wa bendera yetu huanzia chini penye mlingoti, ukapanda hadi kona ya juu ya mbali. Upepo uwe wa kaskazi au wa kusi, uitazame upande huu au ule, unapanda. Tukaishusha, tukaifunga upya, tukasimama tena kimya ilipokuwa ikipanda. Wale viranja sikuwafokea. Kosa lilikuwa letu sisi tuliowafundisha kuikariri bendera bila kuitazama.

Wiki hiyo hiyo nikaanza upya, kwa chaki za rangi. Kwanza nikachora kitambaa chekundu kitupu, bendera ya Sultani iliyokuwa ikipepea katika miji yetu ya mwambao. Kisha nikawapeleka jirani tu, Pangani, Agosti 1888, pale wakala wa kampuni ya Kijerumani, Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, alipotaka kutweka bendera ya kampuni yake. Watu wa mwambao wakakataa, vita vikazuka, na Bushiri bin Salim akawa kiongozi wao. Desemba 1889 akanyongwa hapo hapo Pangani. Darasa lilinyamaza. Wengi wao wana jamaa huko, wameuvuka mto ule kwa kivuko mara nyingi, na hawakujua kwamba kitambaa kilichofungwa kwenye mti kiliwahi kuwagharimu watu roho zao.

Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo, lakini bendera zile hazikuwa na haraka ya kuondoka. Ya Mjerumani ilikaa mjini hapa hadi Julai 1916. Ikaja ya Mwingereza, nyekundu yenye kichwa cha twiga. Watoto walimpenda sana twiga huyo! Ikabidi niwaeleze kwamba twiga alikuwa wetu kweli, lakini kona ya juu ya bendera ile ilikuwa ya Uingereza, na ndiyo iliyokuwa na amri.

Hapo nikaweka chaki chini, nikawagawia makundi karatasi za rangi, mkasi na gundi ya uji wa ngano. Kundi moja likatengeneza bendera ya Tanganyika, ile ya Desemba 9, 1961, ambayo Luteni Alexander Nyirenda aliisimika pamoja na Mwenge kwenye kilele cha Kilimanjaro: kijani, nyeusi, kijani, na michirizi myembamba ya dhahabu kati yake. Kundi la pili likatengeneza bendera ambayo Zanzibar iliingia nayo kwenye Muungano baada ya Mapinduzi ya Januari 1964: buluu, nyeusi, kijani. Tukazilaza sakafuni ubavu kwa ubavu. Nikauliza, wanafanana nini? Kijani na nyeusi. Na kila mmoja ana nini ambacho mwenzake hana? Walichukua muda hapa, wamepiga magoti, vidole vimejaa gundi. Tanganyika ina dhahabu. Zanzibar ina buluu.

Ndipo nikawaambia kwamba Mwalimu Nyerere na Mzee Karume walitia saini Hati za Muungano kule Unguja Aprili 22, 1964, Muungano ukaanza tarehe 26, na Juni 30 mwaka huo huo bendera hii tunayoipandisha kila asubuhi ikaanza kutumika. Haikutafutiwa rangi ngeni. Kijani ya ardhi na nyeusi ya watu zilikuwepo tayari pande zote mbili. Mmoja akaja na dhahabu yake, mwenzake akaja na maji yake.

Binti mmoja ambaye bibi yake yuko Wete, Pemba, na kila likizo huvuka kwa boti na mama yake, akanyoosha mkono. "Kwa hiyo buluu ni ya bibi."

Nikamjibu ndiyo, ni ya bibi. Akataka kujua mbona kule Wete huona bendera nyingine. Nikamweleza kwamba tangu 2005 Zanzibar ina bendera yake, buluu, nyeusi na kijani zile zile, na bendera ya taifa imewekwa kwenye kona yake ya juu. Wengine nao wakaanza kugawana. Kijani ikaenda kwa mjomba aliyeko Amani, kwenye msitu. Dhahabu akaichukua mtoto ambaye baba yake anachimba Handeni. Nilipouliza nyeusi ni ya nani, walitazama mikono yao, imejaa gundi vile.

Kijana mmoja alinibana kwa methali: mbona wakubwa husema bendera hufuata upepo, kama vile ni kitu kibaya? Kabla sijajibu mwenzake akamwambia, "Inafuata, lakini haiachi mlingoti." Nikawaacha wabishane wenyewe hadi kengele.

Wazazi wenzangu, kesho shule imefungwa lakini bendera itapanda saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida, kituo cha polisi na penginepo. Mkiwa njiani mkasikia filimbi, simameni, na mtoto mshikeni mkono asimame nanyi. Msimuulize rangi, hizo anazijua. Muulizeni mkanda unaelekea wapi, na kila rangi imetoka upande gani wa maji, kisha mwacheni aongee.

Heri ya Muungano kwenu nyote. Na kama kuna msomaji wa Wete, kuna mjukuu hapa Tanga anamsalimu bibi yake. Amenisisitiza nisisahau.